Kidahizo cha Kiswahili katika Maktaba ya Sayansi za Afya: Tatizo la Kiisimu katika Upekuzi wa Maarifa

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya Kiswahili katika huduma za upekuzi zinazotolewa na maktaba za vyuo vikuu vya sayansi za afya, hasa nchini Tanzania. Inadaiwa kwamba upungufu unaoikabili lugha hii katika uwanja wa tiba si wa istilahi peke yake, bali pia ni wa vidahizo vya upekuzi, yaani maneno yanayomwezesha msomaji kuyafikia maandishi ambayo tayari yapo. Makala inabainisha vikwazo vinne vya kiisimu, inaonyesha athari zake kwa mtafiti na kwa mgonjwa, kisha inatoa mapendekezo.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kulitazama suala la lugha na tiba kwa upande wa uundaji wa istilahi. Kazi hiyo ina historia ndefu. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikafuata mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa mwaka 1967. Miongoni mwa matunda yake ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi mwaka 2003. Swali lililoongoza juhudi hizo ni moja: dhana fulani ya kisayansi iitweje kwa Kiswahili?

Liko swali la pili ambalo halijapewa uzito unaostahili. Neno likishapatikana na kutumika, andiko lililolitumia litapatikanaje? Istilahi isiyoweza kumwongoza msomaji hadi kwenye andiko ni kama njia iliyofyekwa lakini haifiki kisimani. Swali hili ni la mkutubi, lakini majibu yake kwa sehemu kubwa yamo katika mofolojia na semantiki. Kwa hiyo mwanaisimu hana budi kushiriki katika kulijibu.

2.0 Maktaba ya Sayansi za Afya na Huduma Zake

Maktaba ya chuo kikuu cha sayansi za afya hutofautiana na maktaba ya jumla kwa namna wasomaji wake wanavyoitumia. Daktari aliye wodini huja na swali linalotaka jibu siku hiyo hiyo. Mwanafunzi wa uzamili huja kukusanya yote yaliyoandikwa juu ya mada moja. Mhadhiri huja kuhakiki kama tiba anayoifundisha haijapitwa na wakati. Ili kuwahudumia watu hawa, maktaba huwa na dawati la marejeo, huduma ya kuazimisha vitabu, upekuzi wa majarida kwa kompyuta, mafunzo kwa wanafunzi wapya, msaada kwa wanaofanya mapitio ya maandishi, hifadhi ya tasnifu, na vilevile semina na maonyesho katika siku maalumu za afya.

Nchini Tanzania huduma za namna hii zilikua pamoja na elimu ya tiba yenyewe. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa muda mrefu tatizo kubwa la maktaba za tiba barani Afrika lilikuwa gharama ya majarida. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na wachapishaji, lilianzisha mpango wa Hinari unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kuyasoma majarida ya tiba bila malipo au kwa malipo madogo. Mpango huo haukuondoa matatizo yote, lakini uliyapunguza makali ya uhaba. Kazi iliyobaki mbele ya msomaji sasa ni kulipata, katika wingi huo wa maandishi, lile analolihitaji.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Huduma zote zilizotajwa hutegemea namna moja ya kuzitaja mada. Kitabu hupangwa rafuni, makala huingizwa katika faharasa, na tasnifu huandikwa katika katalogi kwa maneno yaliyokwisha kukubaliwa. Maneno hayo ni ya Kiingereza.

Mfano wa rafu unatosha kulidhihirisha jambo hili. Maktaba nyingi za tiba hufuata mfumo wa uainishaji wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambamo kamusi za jumla za tiba huwekwa katika W 13. Maktaba ya jumla inayofuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani inaweza kukiweka kitabu hicho hicho katika PL 8703, pamoja na kamusi nyingine za Kiswahili. Kwa hiyo, kwa mfumo mmoja Kamusi ya Tiba ni kitabu cha tiba. Kwa mfumo mwingine ni kitabu cha lugha. Isipokuwapo rekodi inayoziunganisha pande mbili, daktari hatajua kwamba kipo, na mwanaisimu hatajua kwamba daktari anakihitaji.

3.0 Lugha ya Upekuzi

Faharasa ya majarida ya tiba iitwayo Index Medicus ilianza kutolewa Marekani mwaka 1879 chini ya John Shaw Billings. Mwaka 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo ilitoa orodha ya vichwa vya mada ijulikanayo kwa kifupi kama MeSH, ambayo wakati huo ilikuwa na vichwa zaidi ya 4,000. Leo vimezidi 30,000. Orodha hiyo ndiyo inayoiongoza hifadhidata ya PubMed, iliyoanza mwaka 1996 na ambayo hutumiwa karibu katika kila maktaba ya tiba duniani.

Kwa macho ya mwanaisimu, MeSH ni lugha iliyodhibitiwa. Ina sifa tatu zinazohusu mjadala huu. Kwanza, kila dhana ina kidahizo kimoja tu kilichoteuliwa. Pili, visawe vya kidahizo hicho havitupwi. Huwekwa kama maneno ya kuingilia ambayo humpeleka msomaji kwenye kidahizo teule. Tatu, vidahizo hupangwa kama mti wenye matawi makuu 16, kuanzia viungo vya mwili, viumbe, magonjwa na dawa, hadi huduma za afya. Anayepekua tawi hupata pia vijitawi vyake vyote.

Sifa ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Msomaji wa Kiingereza hahitaji kuijua istilahi ya kitaalamu ili apate anachokitafuta. Akiandika maneno ya kawaida yanayomaanisha presha, mfumo humpeleka kwenye kidahizo cha kitaalamu bila yeye kuhangaika. Mpekuzi akiandika presha, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo kwa Kiswahili, hakuna mlango unaofunguka.

Si kwamba maneno ya Kiafrika yamefungiwa nje kabisa. Kwashiorkor, neno la Kiga cha Ghana lililoingizwa katika maandishi ya tiba na Cicely Williams mwaka 1935, ni kidahizo. Kadhalika chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, liliingia katika sayansi kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na sasa limo katika katalogi za dunia nzima. Maneno hayo, hata hivyo, yaliingia kama majina ya vitu vilivyogunduliwa. Hayakuingia kama sehemu ya lugha ambayo mtu anaweza kuulizia.

4.0 Vikwazo vya Kiisimu

Yamkini mtu atadhani kwamba dawa ni kuitafsiri orodha ya MeSH neno kwa neno. Sehemu hii inaonyesha kwa nini tafsiri peke yake haitoshi.

4.1 Kikwazo cha Mofolojia

Mifumo ya upekuzi iliundwa kwa kuzingatia lugha ambazo mwanzo wa neno hubaki imara na mabadiliko mengi hutokea mwishoni. Ndiyo maana mpekuzi hufundishwa kuandika mwanzo wa neno na kuweka alama ya nyota, ili mashine imletee miisho yote. Katika Kiswahili mambo ni kinyume. Mgonjwa, wagonjwa, ugonjwa na magonjwa yanachangia mzizi -gonjwa, lakini hakuna hata mawili kati yake yanayoanza kwa silabi moja. Anayeandika ugonjwa na kuweka nyota hatapata magonjwa. Hali ni ngumu zaidi katika jozi kama jino na meno, jicho na macho, ulimi na ndimi, ambazo hata sehemu ya neno inayobaki ni ndogo mno.

Vitenzi huongeza tatizo kwa pande zote mbili. Mada moja ya unyonyeshaji huweza kujitokeza kama kunyonyesha, ananyonyesha, wanaonyonyesha, kutonyonyesha, kunyonyeshwa na unyonyeshaji. Mkutubi asiye na mwongozo wa kimofolojia atachagua umbo lolote, na mwenzake wa maktaba nyingine atachagua jingine. Kamusi za Kiswahili zilikwisha kukubaliana kuhusu umbo la kidahizo: nomino huingizwa katika umoja, na kitenzi katika shina lake. Maktaba zinaweza kuufuata utaratibu huo kwa nomino, na kwa mada za vitendo zikateua nomino tenzi kama unyonyeshaji, ilimradi maumbo mengine yote yawekwe kama maelekezo.

4.2 Kikwazo cha Visawe

Dhana moja ya kitabibu aghalabu ina majina matatu au zaidi: lililotoholewa, lililosanifiwa, na la mitaani. Saratani na kansa huishi pamoja, na vivyo hivyo kifua kikuu na TB. Ugonjwa ulioenea duniani kuanzia mwaka 2020 uliitwa korona na wengi, na ukasanifiwa nchini Tanzania kuwa UVIKO-19. Hata akronimu ya UKIMWI, ambayo umbo lake ni moja Afrika Mashariki nzima, hufafanuliwa na wengine kuwa upungufu wa kinga mwilini na wengine kuwa ukosefu wa kinga mwilini.

Katika usanifishaji wa kawaida, wingi wa visawe huhesabiwa kuwa kasoro. Katika upekuzi, kila kisawe ni mlango. Kosa si kuwapo kwa milango mingi, bali ni kukosekana kwa ushoroba unaoipeleka yote kwenye chumba kimoja. Hapa mwelekeo wa mwanaisimu hauna budi kubadilika: badala ya kuuliza ni neno gani litupwe, aulize ni maneno gani yanayotumika, kisha ayafunge pamoja.

4.3 Kikwazo cha Mpangilio wa Maana

Kiswahili kina mti wake wa maana ambao haufanani na ule wa MeSH. Neno homa linatoa mfano mzuri. Homa ya ini, homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo na homa ya dengue zote hukusanyika chini ya herufi H katika orodha ya Kiswahili, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Katika mti wa MeSH zimetawanyika: nyingine ni maradhi ya ini, nyingine ya mfumo wa neva, nyingine huletwa na bakteria na nyingine na virusi. Isitoshe, homa kwa msemaji wa Tanzania ni joto la mwili kupanda, ilhali kwa msemaji wa Kenya mara nyingi ni kile ambacho Mtanzania angekiita mafua.

Vilevile, tumbo ni sehemu ya nje ya mwili, ni mfuko wa chakula, na katika usemi wa kila siku ni mimba pia. Mkono huanzia begani hadi vidoleni, na mguu huanzia pajani hadi unyayoni, ingawa MeSH huvigawa viungo hivi katika vidahizo mbalimbali. Kidahizo cha Kiswahili, kwa hiyo, kinahitaji maelezo mafupi ya mipaka ya maana yake. Bila maelezo hayo, mpekuzi atapata neno lake lakini atakosa dhana yake.

4.4 Kikwazo cha Dhana Zisizolingana

Kikwazo kizito zaidi ni pale ambapo Kiswahili kina dhana ambayo tiba ya kisasa haina kisawe chake kimoja. Degedege ni mojawapo. Wasemaji huitambua kwa mtoto kukakamaa, macho kugeuka na mwili kutetemeka. Kitabibu hali hiyo inaweza kuwa mtukutiko utokanao na homa, inaweza kuwa malaria iliyofika ubongoni, na pengine inaweza kuwa kifafa. Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 uliichukulia degedege kama maradhi yanayotambuliwa na jamii yenyewe, na ukayahusisha matibabu yake na jitihada za kupunguza vifo vya malaria kali.

Uamuzi wa watafiti hao una funzo kwa mkutubi. Endapo degedege itafanywa kisawe cha malaria ya ubongo, maandishi yanayohusu uamuzi wa mzazi kumpeleka mtoto kwa mganga au hospitali yatapotea miongoni mwa maandishi ya vimelea na dawa. Ikifanywa kisawe cha kifafa, kosa litakuwa kubwa zaidi. Njia sahihi ni kuipa degedege kidahizo chake chenyewe, pamoja na maelekezo ya tazama pia kwenda kwenye dhana zote tatu. Mzazi asemapo degedege hajakosea jina la ugonjwa. Ametaja dhana ambayo daktari anapaswa kuijua ili amwelewe.

5.0 Hazina Iliyofichika Viambatishoni

Huenda ikasemwa kwamba hakuna haja ya vidahizo vya Kiswahili kwa kuwa maandishi ya tiba ya Kiswahili ni machache. Hoja hiyo haizingatii sehemu moja ya maktaba, yaani rafu za tasnifu. Tasnifu za uzamili za sayansi za afya nchini Tanzania huandikwa kwa Kiingereza, lakini mtafiti anayewahoji wagonjwa lazima awe na hojaji na fomu ya ridhaa katika lugha wanayoielewa. Matini hizo za Kiswahili huwekwa mwishoni kama viambatisho. Humo kuna maelezo ya upasuaji, ya vipimo vya damu, ya afya ya uzazi, ya magonjwa ya akili na ya dawa mpya, yote yakiwa yameandikwa ili mtu wa kawaida aelewe na aamue.

Kwa kawaida rekodi ya tasnifu katika katalogi hutaja lugha moja tu, ile ya matini kuu. Matokeo yake ni kwamba kila mwanafunzi huanza upya kutafsiri yale ambayo wenzake waliomtangulia walikwisha kuyatafsiri, na hana namna ya kujua walifanikiwa wapi na walipotoka wapi.

Gharama ya hali hii haiishii kwa mwanafunzi. Chukua dhana ya kuwagawa washiriki wa majaribio ya dawa katika makundi bila upendeleo. Mtafiti anayetafsiri peke yake anaweza kuandika kwamba mshiriki atachaguliwa kwa bahati nasibu. Katika masikio ya wengi, bahati nasibu ni mchezo ambao anayepata hushinda. Mgonjwa anaweza kutia sahihi akitumaini ushindi, ilhali kinachoamuliwa ni kama atapewa dawa mpya au ile ya zamani. Ridhaa ya namna hiyo ina sahihi lakini haina uelewa. Vivyo hivyo, ridhaa, idhini na makubaliano hutumiwa kana kwamba ni neno moja, ingawa idhini hutolewa na mwenye mamlaka, makubaliano huhitaji pande mbili, na ridhaa hutoka moyoni mwa mtu mwenyewe. Mahali pa kulinganisha matumizi kama haya ni maktabani, iwapo viambatisho vitaweza kupekuliwa.

6.0 Mapendekezo

Uzoefu wa lugha nyingine unaonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Mwaka 1986 kituo cha BIREME mjini São Paulo, Brazili, kilitoa orodha ya DeCS, ambayo huviweka vidahizo vya MeSH katika Kireno na Kihispania sambamba na Kiingereza. Waandaaji wake hawakuishia kwenye tafsiri; waliongeza matawi ambayo MeSH haikuwa nayo, likiwamo la afya ya jamii. Kiswahili kinaweza kufuata nyayo hizo kwa hatua zifuatazo:

(i) Idara za Kiswahili na maktaba za tiba zianze na orodha ndogo ya vidahizo vya magonjwa na huduma zinazojitokeza mara nyingi katika tasnifu za Afrika Mashariki, na kila kidahizo kifungamanishwe na namba ya dhana husika katika MeSH. Kamusi ya Tiba iwe msingi wa orodha hiyo.

(ii) Kila kidahizo kiwe na sehemu nne: umbo teule, maumbo yake mengine ya umoja na wingi, visawe vyote vinavyotumika pamoja na alama ya mahali vinapotumika, na maelezo ya mipaka ya maana.

(iii) Rekodi za tasnifu zitaje lugha ya viambatisho kwa alama ya kimataifa ya Kiswahili, ambayo ni swa, na fomu za ridhaa ziingizwe kama mada ya upekuzi. Mifumo ya hifadhi inayotumika vyuoni inaruhusu rekodi moja kuwa na lugha na mada zaidi ya moja. Kinachohitajika ni utaratibu wa kuziingiza.

(iv) Dhana za kienyeji na za tiba asilia zipewe tawi lake. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974, kilichopandishwa kuwa taasisi mwaka 1991. Ujuzi uliokusanywa katika uwanja huo unahitaji vidahizo ambavyo havitapatikana kwa kutafsiri orodha ya nje.

Semina na maonyesho ya maktaba yaitumikie kazi hiyo hiyo. Siku ya Kifua Kikuu Duniani tarehe 24 Machi, Siku ya UKIMWI Duniani tarehe 1 Desemba, na Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, zinaweza kutumiwa kuwakutanisha wauguzi, wakutubi na wanafunzi wa isimu ili kukusanya maneno ambayo wagonjwa huyatumia kweli. Muuguzi asikiaye malalamiko ya wagonjwa kila asubuhi ni chanzo cha data ambacho mwanaleksikografia hapaswi kukidharau.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba uhai wa istilahi hautegemei kuundwa kwake tu, bali pia hutegemea kuwapo kwa njia ya kulifikia andiko lililoitumia. Mofolojia ya viambishi awali, wingi wa visawe, mpangilio tofauti wa maana na dhana zisizolingana ni vikwazo halisi, lakini vyote vinajulikana na vinatatulika kwa nyenzo ambazo isimu ya Kiswahili inazo tayari. Kazi iliyobaki inahitaji mwanaisimu na mkutubi kuketi meza moja. Maadamu mgonjwa wa Tanzania anaugua, anaeleza na anaridhia kwa Kiswahili, maktaba inayomhudumia daktari wake haina budi kuweza kuulizwa kwa lugha hiyo.